Bella, Ng'ombe wa Bluetooth

Pontien Ngendakumana alikuwa na karama ya kufika mahali wakati chakula kinaiva. Hakuna aliyemwalika kwenye posa ile ya Kavimvira, lakini Jumamosi hiyo alikuwa ameketi safu ya pili, shati limenyooka kwa pasi, akitikisa kichwa kama mjomba mwenye mambo mengi moyoni. Upande wa mwanamke walimdhani ni wa upande wa mwanaume. Upande wa mwanaume walimdhani ni wa upande wa mwanamke, amekosa kiti kule kwao. Mtu mwenye shati safi na uso wa huzuni kidogo, nani atamwuliza amekuja kwa nani?

Msemaji wa bwana harusi alikuwa Rémy, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye Pontien alimfahamu vizuri. Rémy ni mtu ambaye ukimsalimia anaangalia viatu vyake kwanza, kama vile jibu limeandikwa pale. Pontien alijiandaa kumhurumia. Badala yake Rémy akasimama, akakohoa mara moja, akaanza kusema, na maneno yakamtoka kama maziwa yanavyomiminwa. Akasifu ng'ombe mmoja mmoja, kwato kwa kwato. Akataja vilima vya juu na ukungu wake wa asubuhi. Mzee mkali wa upande wa pili akamtupia swali la mtego, naye akalijibu kwa upole hata wazee wakafumba macho kwa utamu.

Pontien hakufumba yake. Ndiyo maana aliona uzi mwembamba mweusi unaotoka sikioni mwa Rémy na kuingia ndani ya kola.

Alitamani kusikiliza mpaka mwisho, lakini harufu ya wali ilimfikia. Hotuba ilipoingia sehemu yake ya mwisho, ile ya maana kuliko zote, Pontien alikuwa nyuma ya nyumba akisaidia, kwa mdomo, kuhakikisha nyama imeiva. Tuliweke hilo akilini, maana yeye hakuliweka.

Jioni alimkamata Rémy mlangoni.

"Rémy, ndugu yangu, yale maneno umeyatoa wapi?"

"Iko mu telefone, patron. Ni application, inaitwa Msemaji. Unavaa écouteur, muzee anakuongelea mu sikio, weye unarudilia nyuma yake; hata majibu ya maulizo ya mutego iko ndani."

"Muzee gani?"

"Muzee Ezechiel, ule wa milimani. Iribagiza, mujukuu wake, njo aliitengeneza. Unalipa dola tano, banakutumia."

"Na ndugu yako akiitaka?"

"Analipa ya kwake. Kila muntu na ya kwake."

Pontien aliitazama barabara. Ulikuwa mwezi wa nane, kiangazi kimekolea, majira ambayo nusu ya Uvira inaoa nusu nyingine, na waliobaki wanatafuta mtu wa kuwasemea. Vijana wa mjini wanajua kuendesha kila kitu isipokuwa ulimi mbele ya wakwe. Na hapa kuna dawa, inauzwa ghali, na mwenyewe ni msichana na babu yake. Moyo wa Pontien ulijaa imani kama wa mtu aliyeitwa kwenye utume.

Biashara yake ya kila siku ilikuwa meza chini ya mwavuli, uwanjani mbele ya nyumba yake, pale Mulongwe, kando ya daraja. Alichaji simu za watu, aliuza kadi za vocha, aliwatilia watu nyimbo ndani ya simu zao kwa bei ya andazi. Lakini furaha yake ilikuwa nyuma ya meza, imesimama kivulini: pikipiki nyekundu, ambayo bado ilikuwa na nailoni ya dukani kwenye kiti. Aliiita Bella. Aliiosha kila asubuhi kwa sabuni ya unga, huku akiiimbia. Jirani yake Apollinarie, mjane muuza ndagala, dagaa wa ziwani, aliwahi kuegemeza beseni lake kwenye tangi kwa muda wa kufunga kitenge tu. Pontien hakumsemesha juma zima.

Basi akalipa dola tano. Iliuma, lakini mvuvi naye hununua wavu kwanza. Saa ile ile simu ikalia.

"Allô. Ni weye Pontien?" Sauti ilikuwa ya mzee, nzito na ya taratibu.

"Ni minye mwenyewe, muzee."

"Niko Ezechiel. Mutoto ameniambia umelipa, asante. Sasa, mbele nikutumie, kila muntu anatoa dhamana, naitia mu hotuba yake. Muntu akienda kuomba binti ya benyewe, lazima nyuma yake kusimame ng'ombe moya. Zingine zikichelewa, baba ya binti anakamata ile. Weye iko na ng'ombe?"

Pontien hakuwahi kumiliki hata kuku. Lakini mtu wa aina yake, ukimwuliza kama ana ng'ombe, ni kama umemwuliza kama ana akili.

"Niko naye, muzee. Muzuri sana."

"Anaitwa nani?"

Macho ya Pontien yakazunguka yakitafuta jina, yakatua kivulini. "Bella."

"Rangi?"

"Mwekundu. Anang'aa. Namwosha kila asubui."

Mzee alirudia neno kwa neno. "Unaosha ng'ombe kila asubui."

"Na sabuni, muzee."

"Pembe?"

Pontien aliangalia vioo viwili vya pikipiki. "Mbili. Zimefunguka vizuri, moja kushoto, moja kuume."

"Maziwa?"

"Kwa sasa hapana. Lakini anakula kidogo, na hajawahi kunitupa mu njia."

"Anaishi wapi?"

"Kwangu, Mulongwe, kando ya daraja, nyumba ya bati ya buluu."

"Na wakimuhitaji, nani atamutoa?"

"Minye, Pontien Ngendakumana. Nimesema."

"Umesema vizuri. Sasa rudilia yote toka mwanzo, na sauti, kama muntu mwenye kujua kile anasema."

Pontien akarudia yote, kwa sauti ya askofu anayebariki kanisa jipya. Mzee akamshukuru. Kabla jua halijahama mwavulini, Msemaji alikuwa ndani ya simu yake.

Kitu cha kwanza alichotafuta kilikuwa kufuli. Alitafuta neno la siri, hakuliona. Alijaribu kuirusha kwenye simu yake ya pili kwa Bluetooth. Ikaruka bila kinyongo, ikatua, ikafunguka. Pontien alikaa kwenye kiti akicheka peke yake, mpaka Apollinarie akaacha kugeuza ndagala.

"Weye unacheka nini?"

"Nacheka bantu benye kusoma. Mutoto wa bantu amejenga nyumba, akasahau mulango."

Aliisikiliza mpaka sifa ya ndama wa kwanza, akaona ni mali safi, akazima. Hotuba yenyewe ilikuwa ndefu kama misa ya Pasaka, naye hakuwa na mchumba wa kuposa.

Kesho yake mwavuli haukutosha. Pontien alikuwa akiuza Msemaji kwa bei ya sahani ya ndagala, na vijana walikuja kutoka Kavimvira, kutoka Kiliba, hata kutoka Katogota kule tambarare, wamekaa watatu juu ya baiskeli.

"Patron, hii ni original?"

"Original kuliko original. Hata sauti iko safi zaidi, nimeifuta vumbi."

Angeishia hapo angekuwa mwizi wa kawaida tu, na tusingepoteza muda wetu kumzungumzia. Lakini Pontien hakupenda kumwona mteja akiondoka na chenji. Alimpelekea fundi kofia ya buluu, akashonewa herufi tatu kwa uzi wa manjano: B.P.A. Mchana alifunga meza, akavaa kofia, akapanda Bella, akawafuata wateja wake wa asubuhi.

"Bonjour. Brigade de Protection des Applications. Onyesha telefone."

Kijana mmoja wa Kavimvira alimkazia macho. "Lakini patron, si ni weye umeniuzia asubui?"

"Asubui nilikuwa muuzaji. Saa hii niko mu service. Usichanganye bantu."

"Sasa kosa yangu ni gani?"

"Umenunua kitu ya wizi."

"Kwa weye."

"Sheria haiangalie uso, mwanangu. Lipa amende, nikuachie."

Na walilipa. Kofia ni kitu cha ajabu; weka herufi tatu juu ya kichwa cha mtu yeyote, watu wataanza kutafuta makosa yao wenyewe.

Likabaki shamba moja ambalo hakuwa amelivuna: mwenye mali mwenyewe. Alhamisi alisimamisha Bella mbele ya nyumba ya Iribagiza. Msichana alikuwa barazani na kompyuta juu ya mapaja, mdogo wa umbo, mtulivu. Pembeni yake, kwenye kigoda, mzee Ezechiel alikuwa anakunywa maziwa na kuitazama barabara.

"Dada," Pontien alianza, kofia mkononi kwa heshima, "hii muji iko na bezi, bantu ba kuiba."

"Najua, patron."

"Banakopi Msemaji yako. Nimeona na macho yangu."

"Uliona wapi?"

"Fasi mingi," alisema Pontien, na hapo hakudanganya. "Njo maana tumeunda Brigade. Weye unatoa kitu kidogo kila mwezi, siye tunazunguka, tunakamata, tunafuta. Unalala usingizi."

Iribagiza alifunga kompyuta. "Mwanzo niliweka neno la siri. Mafundi wenu wa Mulongwe balivunja mbele chai ipoe. Nikaifunga na numero ya telefone ya muntu. Ile nayo balivunja. Nikachoka. Nikamuuliza babu, kule juu ng'ombe zinalala inje, hakuna mulango, hakuna kufuli. Mwizi anashindwa namna gani?"

"Zinajulikana," alisema Ezechiel bila kugeuka. "Muntu akipita na ng'ombe ya kwetu, mu kila soko banamuuliza: hii si ya fulani?"

Pontien alicheka kwa adabu, jinsi mtu anavyocheka mbele ya mzee. "Muzee, kujulikana hakufungi mulango."

"Aa. Hakufungi," mzee alikubali, akanywa maziwa.

"Pesa ya Brigade sina, patron," Iribagiza alisema. "Lakini weye zunguka tu. Usichoke kuzunguka."

Pontien aliondoka akimwonea huruma. Njiani aliuza nakala mbili bila hata kuzima pikipiki.

Zikapita Jumamosi kadhaa, kila moja na vumbi lake na posa zake. Kisha ikaja Jumatatu asubuhi. Pontien alikuwa bado anamfuta Bella kwa kitambaa, Apollinarie anatandaza ndagala mkekani, wakati mzee mrefu mwenye kofia na fimbo alipoingia uwanjani. Jina lake Muhire, mfugaji wa milimani, mzee wa kanisa, mtu anayetembea kama ana uhakika wa kila jiwe.

"Hapa njo kwa Pontien?"

"Ni minye, muzee wangu. Karibu. Telefone imekufa?"

"Telefone iko muzima. Nafuata ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Bella."

Kitambaa kilisimama juu ya tangi. "Muzee, labda umepotea fasi. Na kina Pontien ni bengi mu hii muji."

Muhire hakubishana. Alitoa mfukoni simu, ile ya mkwe wake, akaibonyeza kwa kidole gumba kama mtu anayeua chawa. Hotuba ilikuwa imefika mwisho, pale ambapo msemaji anapaswa kuinua simu mbele ya wakwe ili mwenye dhamana aseme kwa kinywa chake. Na sauti ya askofu ikajaa uwanjani: *Anaitwa Bella. Mwekundu. Pembe mbili. Anakula kidogo. Yuko kwangu, Mulongwe, kando ya daraja, nyumba ya bati ya buluu. Wakimuhitaji, nitamutoa minye, Pontien Ngendakumana. Nimesema.*

"Iyo sauti naijua," alisema Apollinarie kutoka mkekani. "Njo ile inaimbaga hapa kila asubui."

Pontien alihisi shati limekuwa zito mgongoni. Zile nakala zote alizouza, toka daraja mpaka tambarare, kila moja ilikuwa imebeba kinywa chake mwenyewe.

"Siku ya posa nilishtuka," Muhire aliendelea, akiketi bila kukaribishwa tena. "Nilimuuliza mukwe wangu: huyu si Pontio Pilato? Maana ule alishanawa mikono mara moya, asije akanawa tena juu ya ng'ombe yetu. Mukwe akanijibu, hapana baba, ni patron wa Mulongwe, muntu wa moyo sana. Anauza hotuba bei rahisi, na ng'ombe anaongeza juu yake."

"Anaongeza?"

"Njo alisema. Na tangu siku ile, ng'ombe zake mwenyewe hazijafika. Nikimuuliza, ananiambia, baba, si Bella iko?"

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Vijana walisikia mwisho wa hotuba, tena vizuri sana. Walisikia jina la Pontien, wakaona wamepata bahati: kwa bei ya sahani ya ndagala unapewa maneno ya mzee na ng'ombe wa kusimama nyuma yako. Nani angeuliza? Na hasa nani angeharakisha kununua ng'ombe wake?

Kabla Pontien hajapata uongo unaofaa, mama mmoja aliingia na kamba begani na kidumu cha maziwa mkononi. Alikuwa Kankindi, mjane wa Katogota, ametoka tambarare alfajiri, rozari shingoni.

"Bwana asifiwe. Minye niko Kankindi, mama ya Délice mwenye kuposwa. Nimekuya kukamua."

"Kukamua nani, mama?" Muhire aliuliza.

"Bella yangu."

"Mama, Bella ni ya kwangu."

"Ya kwako tangu lini? Minye nimemusikia na masikio yangu, mbele ya padri."

"Na minye mbele ya mashemasi, tena mwezi ulipita."

Walikuwa bado wanapimana nani amesikia kwa heshima zaidi, wakati wazee wengine watatu walipoingia kwa pamoja, wakisalimiana kwa furaha njiani, kila mmoja akidhani wenzake wamekuja kununua ndagala. Furaha haikudumu. Jua lilipopanda, uwanja ulikuwa na kamba nyingi kuliko soko la mifugo, na hakuna hata mnyama mmoja. Kila mwenye simu alibonyeza ya kwake ili kuthibitisha, na Pontien alijisikia akiahidi, akiahidi tena, sauti moja ikipanda juu ya nyingine kama kwaya isiyo na mwalimu.

Walipoanza kuulizana nani ni wa kwanza, aliona hapo ndipo pa kupenyea. Mpaka wa Burundi haukuwa mbali. Angefika Kavimvira, angevuka, angekula mwezi mmoja upande ule mpaka mambo yapoe. Alirudi nyuma hatua kwa hatua, akatoa mguu wa pikipiki, akaanza kuisukuma kimya kimya kuelekea barabara. Hakuwasha injini. Alikuwa amebakiza kupita mkeka wa ndagala tu.

"Pontien," alisema Apollinarie, bila ubaya wowote, jinsi jirani anavyouliza, "unamupeleka Bella wapi?"

Vichwa vyote vikageuka.

Kankindi ndiye aliyefika kwanza. Aliizunguka pikipiki polepole, mikono nyuma. "Mwekundu," alisema. Aligusa kioo kimoja, akagusa cha pili. "Pembe mbili. Moja kushoto, moja kuume." Akainama akaangalia chini ya injini, akainuka na kidumu chake. "Na kweli maziwa hana."

"Anakula kidogo," alisema Muhire, na fimbo yake akaiweka mbele ya gurudumu.

Mtu fulani alikwisha kumpigia Ezechiel. Mzee alifika na mjukuu wake, akapewa kiti, akasikiliza kila mmoja mpaka mwisho bila haraka. Kisha akaomba simu ya mmoja, akasikiliza sauti ya askofu mara moja, akamtazama Pontien.

"Sauti ni ya kwako?"

"Ni yangu, muzee, lakini unaona, hii ni chuma."

"Minye sikusema ni nyama. Nilikuuliza, weye ukajibu."

"Muzee, hii kopi zote si minye nilizitia mu telefone yao." Alipoona kofia ya B.P.A. imekaa juu ya meza yake, karibu kabisa na kitabu cha bei ya nyimbo, aliona ni bora asiendelee.

"Kweli," alisema Iribagiza kwa upole. "Bandugu balizitia benyewe, na Bluetooth. Minye nilikuuzia moya tu, patron. Nilitia alama ya kwako, ile sauti yako, juu ya Msemaji ya kwako. Kama iko mu telefone ya muntu mwengine, weye njo utajua ilifika namna gani."

Wazee walicheka mmoja baada ya mwingine, jinsi kicheko kinavyozunguka kundi la watu wanaoelewa kwa zamu. Pontien alijaribu kucheka pamoja nao, maana ni tabia yake kujiunga na upande unaoshinda, lakini kicheko hakikupata nafasi.

Shauri lilichukua muda, na ndagala za Apollinarie zikapungua. Mwishowe Ezechiel alisema neno, na wote wakaliona linatosha. Kila kijana aliyeposa atanunua Msemaji ya kwake, aweke dhamana ya kwake, ng'ombe aliyesimama kweli kwa miguu minne, na aiseme upya mbele ya wazee. Kijana asiyetaka, aoe kwa ndoto. Hapo neno la Pontien litaanguka, kwa masharti mawili. Kwanza, azifute nakala zake kwenye kila simu zilimoingia, kwa mikono yake mwenyewe. Pili, mpaka simu ya mwisho inyamaze, Bella atalala kwenye zizi la Ezechiel mwenyewe, kama dhamana yoyote.

"Muzee, niache piki, nizunguke nayo. Kwa miguu nitafika wapi?"

"Ng'ombe ya dhamana haitembee na mwenye deni," alisema Muhire.

Kankindi akafunga kamba yake kwenye usukani, fundo la kufungia ndama mkaidi. Mzee Ezechiel akatazama wote. "Sasa nani anajua kumuendesha?"

"Minye," alisema Apollinarie. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akapandisha beseni lake la ndagala juu ya kiti, juu ya nailoni ya dukani, akalifunga vizuri kwa mpira. Marehemu mume wake alikuwa mwanamoto, dereva wa pikipiki za abiria. Hakuna aliyewahi kumwuliza kama naye anajua. Akapiga injini mara moja tu, ikaitika. "Mateso ya juma muzima," alimwambia Pontien, "ilikuwa beseni moya, muda wa kufunga kitenge." Akaondoka, mzee Ezechiel amejibana nyuma ya beseni, fimbo yake imelazwa mapajani.

Hivyo ndivyo Brigade de Protection des Applications ilivyoanza kazi kweli kweli. Watu wa Mulongwe walimwona Pontien akipita kwa miguu, kofia ya buluu imefifia kwa jua, akisimamisha vijana.

"Bonjour. Onyesha telefone."

"Leo uko mu service ama unauza?"

"Niko mu service."

"Amende ni ngapi?"

"Hakuna amende. Futa tu, mwanangu. Nakuomba."

Kijana alifuta, Pontien akamshika mkono kwa shukrani ya kweli, na kabla hajauachia mkono, simu ya kijana ikatoa mlio mdogo: binamu yake amemrushia nyingine. Alihubiri sokoni. Alihubiri kwenye misa ya pili, mpaka padri akamwomba aketi. Alieleza jinsi mtu anavyokesha kutengeneza kitu, na mwingine anakichukua bure. Jasho la binti wa watu. Aibu ya mji. Mama mmoja alitokwa na machozi. Iribagiza alipita akasikiliza kidogo, akasema kwa kweli hakuwahi kupata mtetezi kama huyo, na bila kulipa chochote kila mwezi. Wanunuzi wake walikuwa wanaongezeka kila juma, kwa kuwa sasa hakuna baba mkwe ufukweni aliyekubali hotuba bila kuuliza kwanza dhamana ni nani: na Bella isiwe.

Bella mwenyewe alikuwa anapeleka ndagala, na écouteur za wanunuzi wa Msemaji, mpaka Kiliba. Jioni alifungwa zizini, kati ya ng'ombe wa kweli, na ndama mmoja alikuwa amezoea kulamba kiti kwa sababu ya chumvi ya samaki. Pontien alikwenda kumwangalia Jumapili. Alikuta hajaoshwa.

Hatimaye ikafika siku aliyoingoja. Nakala ya mwisho, kwenye simu ya fundi viatu karibu na daraja, ilifutwa mbele ya macho yake, na ya binamu wa fundi pia, na ya shemeji wa binamu. Pontien alikaa juu ya jiwe kando ya mto, akavua viatu, akahesabu vidole kama vyote bado vipo. Kesho angeleta sabuni. Angeanza na kiti.

Simu yake ikalia. Namba ngeni.

"Allô, ni Patron Pontien wa Mulongwe? Siye tuko Baraka, huku kusini. Samahani kukusumbua, patron. Tulikuwa tunauliza, Bella atafika siku gani?"

Pontien alifumba macho. "Hiyo application, mulilipa?"

"Kulipa ya nini, patron? Ilikuya na Bluetooth. Huku kila muntu iko nayo."

Alifuta vumbi miguuni, kidole kwa kidole, mpaka mtu wa Baraka akadhani kadi imekwisha.

"Bezi," alisema Pontien mwishowe.

Alilisema kwa moyo wake wote, polepole, na lilikuwa neno la kwanza la kweli lililowahi kumtoka bila mtu kumlipa. Kisha akavaa viatu, akakung'uta kofia kwenye goti, akauliza mpita njia kama barabara ya Baraka inapitika kwa miguu.